Uzi Mwekundu Shingoni mwa Pembe

Mtu anayetaka kukiri huwa hawasumbui polisi, na kwa sababu hiyo Inspekta hakumwamini.

Kituoni Inspekta huyo walimwita Thibitisha, kwanza kisirisiri, kisha waziwazi, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomjibu kila aliyemweleza jambo, akiwemo daktari wake na, kama ilivyosemekana, mkewe siku ya harusi. Hakuna aliyewahi kuyaona meno yake isipokuwa alipokuwa akila.

"Andika tu kwamba nilisahau," alisema msichana aliyeketi mbele yake. "Nitie sahihi, kesho mnipeleke kwa hakimu, yaishe."

"Ulisahau nini?"

"Kuiosha pembe."

"Unakumbuka kwamba ulisahau?"

Msichana alikuwa na kucha zilizong'arishwa na vumbi la pembe, ugonjwa wa familia yao, na mikono aliyoilaza mezani kana kwamba ni vifaa vya mtu mwingine.

"Hapana," alisema hatimaye. "Nakumbuka kwamba niliiosha."

"Nimeomba jambo moja, umenipa mawili."

"Afande, nimeosha pembe tangu sijafika kimo cha meza. Mikono inaosha yenyewe. Nikifumba macho nayaona maji, nayaona majivu, naiona pembe. Ila siwezi kuapa kama ni pembe ya asubuhi ile au ya juzi yake. Na baba amekufa. Pembe iliyooshwa hailipuki. Sasa nibishane na nani?"

Baba huyo alijulikana mjini kote kwa jina la Fundi Pembe. Alitengeneza na kukarabati pembe za kuhifadhia baruti kwa ajili ya watu ambao bado walishindana kulenga shabaha kwa magobore, na kwa ajili ya wengine ambao hawakulenga chochote ila walipenda kitu cha kutundika ukutani. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Pembe ya ng'ombe hukwanguliwa mpaka iwe nyembamba. Upande mpana huzibwa kwa kipande cha mti kiitwacho kitako. Ncha hutobolewa na kuwekewa kizibo kidogo. Kitako kikichakaa, pembe hupashwa juu ya mkaa mpaka ilainike kama ngozi, ndipo cha zamani kinapotoka na kipya kugongwa mahali pake. Fundi Pembe alikuwa akiipasha pembe ya mteja namna hiyo, ameinama juu ya jiko, huku ndani ya pembe mkiwa na baruti ambayo haikupaswa kuwamo. Kitako kilitoka, lakini hakikutoka kwa mkono wa fundi. Kilimpiga kooni.

Juu ya meza palikuwa na mfuko wa ushahidi. Ndani yake mlikuwa na kipande cha shingo ya pembe, ncha yake ikiwa nzima, na kwenye shingo hiyo uzi mwekundu. Msichana alikuwa amekiegemeza kiti chake upande ili asiuone.

Ule uzi ndio uliokuwa ukimfunga. Kanuni ya karakana ilikuwa kwamba aliyeiosha pembe huifunga uzi mwekundu, na fundi akiuona haulizi tena. Kazi ya kuosha ilikuwa ya binti peke yake. Uzi ulisema pembe imeoshwa. Baruti ilisema haikuoshwa. Mwendesha mashtaka hakuhitaji shahidi wa tatu. Angeomba kifungo kwa uzembe ulioua, na binti angemsaidia kukipata.

"Usinieleze ya siku ile," alisema Thibitisha. "Nieleze unavyoosha siku yoyote."

"Yenye baruti haivuki kizingiti. Inakaa uani, kwenye sanduku la chuma. Ikifika zamu yake naimwaga huko huko nje, natia maji ya majivu, natikisa, namwaga, narudia mpaka maji yatoke meupe. Nafunga uzi. Naingia nayo ndani, naitundika kwenye waya, kizibo nimekichomoa, kinaning'inia kwenye kamba yake."

"Hukirudishi?"

"Mpaka ikauke. Ukiiziba na unyevu inaoza ndani, inanuka mzoga. Baba ndiye anayeiziba, akitaka kuipasha, ili moto usivutwe humo kama kwenye dohani. Anauvuta uzi, anautundika msumarini, anaziba, anapasha."

"Anauvuta?"

"Vidole vyake vimekakamaa. Vilikuwa. Namfungia kitanzi, anavuta upande mmoja tu, unafunguka. Haukatwi. Uzi ule ule naufunga tena kesho."

Thibitisha aliutazama mfuko kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ameutazama wiki nzima. Kisha akautia ndani ya mkoba.

"Afande," msichana alisema alipomwona akisimama, "ni kweli wanachosema? Kwamba karakana inavuma?"

"Inavuma, dada yangu," Koplo alijibu kutoka mlangoni. "Nimeisikia kwa haya haya masikio."

"Koplo."

"Nimeulizwa, Afande."

"Aliyeulizwa ni mimi. Jibu ni kwamba sijui. Chukua kofia yako."

*

Karakana ilikuwa nyuma ya duka dogo, katika mtaa mwembamba ambao kila mlango wake ulikuwa na fundi: wa saa, wa redio, wa magodoro. Mchana ule milango ya jirani na duka la Fundi Pembe ilikuwa imefungwa, jambo ambalo halikuwa na sababu katika kalenda. Fundi viatu, ambaye kwa miaka yote alikaa mkabala wa duka hilo, alikuwa ameivuta meza yake hadi kwenye kona ya mbali, mahali pasipo na kivuli, akawa anashona huku jua likimchoma utosi.

"Umehama?" Thibitisha alimuuliza.

"Nimesogea, Afande. Kuhama ni neno kubwa."

"Kwa nini?"

"Soli haishoneki mtu akiguna nyuma ya ukuta. Nimejidunga mpaka nimeona bora jua."

"Mtu gani?"

"Wewe ndiye polisi."

"Thibitisha kwamba ni mtu."

Fundi viatu aliukata uzi kwa meno, bila haraka. "Kaa mpaka upepo wa alasiri ugeuke. Ukishasikia, nithibitishie wewe kwamba si mtu."

"Vema. Utakuja kuwa shahidi."

"Mimi? Nina viatu vya watu hapa!"

"Havitatembea bila wewe," alisema Koplo, akajikohoza Inspekta alipomgeukia.

Mlangoni mwa duka alisimama mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyeuza mbele kile ambacho kaka yake alikitengeneza nyuma, na kwa kuwa marehemu hakuwa mtu wa maneno, mdogo mtu alikuwa ameyarithi yote. Mtaa ulimwita Msemaji. Yeye alilichukulia kuwa sifa.

"Inspekta wangu! Leo tunafungua?"

"Leo ninafungua mimi. Wewe utaingia nyuma yangu."

"Mimi nataka vifaa tu. Tupa, keekee, jiliwa. Wateja wameniganda. Dakika moja tu, naingia, natoka."

"Umeiomba dakika hiyo moja kila siku tangu tulipoweka lakiri."

"Kwa sababu sijapewa." Alicheka, kisha akakumbuka kwamba amefiwa. "Na mtoto wetu je? Hali yake?"

"Anataka kukiri."

"Masikini. Nilimwambia kaka, huyu bado mdogo, kiti hicho usimwachie. Akasema mkono wake ni mwepesi. Haya, wepesi huo umetufikisha hapa." Alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopangwa vizuri. "Lakini msimkaze sana, Afande. Ni damu yetu. Aliteleza tu."

Juu ya kaunta palikuwa na mizigo iliyofungwa kwa karatasi na kamba nyembamba, tayari kwa wateja. Thibitisha aliuchukua mmoja, akajaribu kuufungua. Fundo lilikuwa dogo, gumu kama punje, nalo halikuonyesha mahali pa kuanzia. Alitumia ukucha, kisha ukucha mwingine.

"Usijitese, Afande. Fundo langu halifunguki. Mteja akifika kwake anachukua kisu, akate. Hivyo ninajua hakuna aliyepekua njiani."

"Kisu."

Alipewa. Akakata, akaitazama pembe mpya iliyokuwamo, akaifunika tena, akaitia kamba mfukoni.

"Na kamba hiyo?"

"Sipendi uchafu sakafuni. Yule mteja wa pembe iliyolipuka anasema alileta mbili."

"Mbili, ndiyo. Pacha, za ng'ombe mmoja. Zote zilihitaji kitako kipya."

"Ya pili iko wapi?"

"Si zililipuka? Kaka alikuwa nazo zote mezani."

"Ya pili ilikuwa bado na baruti. Mahali pake ni sandukuni, uani."

Msemaji aliugusa ufunguo uliokuwa ukining'inia kiunoni mwake. "Aliniomba, nikamfungulia. Kaka akiniomba kitu, mimi nimuulize nini?"

"Yenye baruti haivuki kizingiti."

"Aliyeitunga sheria ni yeye. Akiivunja, nani atamshtaki?"

Mkobani mwa Thibitisha mlikuwa na ncha moja. Kituoni, kwenye sinia, palikuwa na kitako kimoja, na vipande ambavyo Koplo alikuwa ameviunganisha kwa gundi mpaka vikawa pembe moja, bila kubaki hata kibanzi. Pembe huweza kupasuka. Haijulikani kuwa huyeyuka hewani.

Lakiri ilikatwa. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa shida, kana kwamba mtu ameuegemea kwa ndani.

*

Jambo la kwanza lilikuwa harufu: nywele zilizoungua, maana pembe haina harufu nyingine inapoguswa na moto. La pili lilikuwa mwanga. Karakana haikuwa na dirisha. Ilikuwa na tundu la hewa tu, juu kabisa chini ya dari, lililofunikwa kwa bati lenye matundu ya misumari, na mwanga uliopita humo ulidondoka ukutani kama vidoa vya ugonjwa. Kwenye waya iliyovutwa kutoka ukuta hadi ukuta zilining'inia pembe ambazo hazijakamilika, midomo juu, ncha chini. Baadhi zilikuwa zimekwanguliwa kwa vigae vya chupa mpaka mwanga ukapenya ndani yake, na zilikuwa na rangi ya kitu ambacho bado kina damu. Vumbi jeupe lilikuwa limefunika meza, jiko, aproni iliyotundikwa kwenye msumari, na kigoda cha marehemu. Kigoda kilikuwa kimesukumwa nyuma kidogo, kama kwa mtu aliyeinuka kumfungulia mgeni.

"Simameni mlangoni," alisema Thibitisha. "Msiguse kitu."

Amri haikuhitajika. Koplo alikuwa ameusimamia mlango kwa namna ya mtu aliyejiandaa kuwa wa kwanza kutoka.

Karibu na meza kulikuwa na msumari wenye shungi la nyuzi nyekundu. Thibitisha alizitandaza kiganjani, mmoja mmoja. Zote zilikuwa zimechakaa kwa kutumiwa tena na tena, zote zikiwa na pindo laini katikati, mahali ambapo kitanzi kilikuwa kimekaa kabla ya kuvutwa. Hakuna hata mmoja uliokuwa umekatwa. Hakuna uliokuwa na fundo.

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?" alimuuliza Msemaji bila kugeuka.

"Humu dukani. Nafagia."

"Na binti?"

"Ameenda kununua mkaa. Kaka ananawa uani."

"Fundi viatu?"

"Mimi?" Fundi viatu alishtuka. "Pale pale pangu, Afande, mbele ya mlango. Nafika kabla ya kuku."

"Ulimwona huyu akitoka?"

"Hakutoka. Angetoka angenisalimia. Hawezi kupita mtu bila kumsemesha, huyu."

"Kwa hiyo nyuma alikuwapo kaka yake, na mbele ulikuwapo wewe."

"Kwani ni hatia kuwa katikati?" Msemaji aliuliza.

"Bado."

Baada ya hapo Inspekta hakuuliza tena. Alikunja mikono akasimama katikati ya chumba, chini ya zile pembe, kama mtu anayesubiri gari.

"Tunasubiri nini, Afande?" Koplo alinong'ona.

"Upepo."

Ulikuja taratibu. Kwanza bati la dari lilitoa mlio mdogo wa kupoa. Kisha pembe zilizokuwa kwenye waya zikaanza kugusana, kwa sauti kavu ya meno. Kisha, kutoka pasipojulikana, ikaanza.

Ilianza chini sana, chini kuliko sauti, ikahisiwa kwanza kwenye nyayo. Ikapanda. Ikawa mguno wa mzee anayejiinua kutoka kitandani, ukaendelea pale ambapo mguno wa mzee hukatika, ukavuta, ukavuta, bila kupumua. Vumbi jeupe lilicheza mezani. Ukuta haukuwa na upande ambao sauti ilitoka. Ilitoka kwenye kuta zote, na kwenye mbavu za waliosikiliza. Ikafifia. Walipokaribia kuvuta pumzi, ikarudi, safari hii kwa sauti mbili, moja ndani ya nyingine, kama mtu anayeita na mtu anayeitwa.

Thibitisha hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama nyuso.

Koplo alikuwa amekikodolea macho kigoda. Fundi viatu aliitazama aproni, midomo ikimcheza. Kila mtu huyapeleka macho mahali anapomdhania maiti. Msemaji peke yake hakukitazama kigoda wala aproni. Macho yake yalipanda juu, kwenye bati la tundu la hewa, yakakaa hapo kwa muda wa kupepesa, kisha yakashuka sakafuni haraka na hayakuinuka tena.

"Koplo, nisogezee kigoda."

"Kile, Afande?"

"Kuna kingine?"

"Afande, kile ni cha... Mimi naweza kukuinua mwenyewe. Mabegani."

Thibitisha alikifuata kigoda, akakiweka chini ya tundu, akakikanyaga kwa viatu vyote viwili. Sauti ilikuwa imepanda sasa. Aliliinua bati kwa ncha ya kalamu, akaupenyeza mkono nyuma yake hadi kiwiko. Vidole vyake viligusa kitu baridi, laini, kilichopinda, na kitu hicho kilikuwa kikitetemeka kama koo la mnyama aliye hai.

Akaweka kidole gumba juu ya ncha yake. Chumba kikanyamaza.

Ukimya ulikuwa mbaya kuliko sauti. Fundi viatu alilitaja jina la Mungu. Thibitisha aliinua kidole, mguno ukarudi. Akakirudisha, ukafa.

"Marehemu anatii kidole," alisema. "Mwandike shahidi kwamba ameona."

Aliitoa pembe, akashuka. Ilikuwa ya zamani, nyeusi nchani, kitako chake kimepasuka. Kizibo kilikuwa kimechomolewa, kinaning'inia kwenye kamba yake. Ndani, alipoielekeza kwenye mwanga, kulikuwa na ukungu mweupe wa majivu. Shingoni ilikuwa na uzi mwekundu.

"Hii ni ya pili," alisema. "Au tuseme, ni ya kwanza. Ndiyo iliyooshwa."

"Mimi sijui ilifikaje huko," Msemaji alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutumia maneno machache.

"Upepo unapita juu ya ncha iliyo wazi na kupenya kwenye ufa wa kitako. Ni chupa tu, na mdomo wa kuipuliza. Pembe iliyozibwa isingevuma. Hii ilivuma kwa sababu aliyeiosha aliiacha wazi ili ikauke, kama anavyofanya kila siku, na aliyeificha alikuwa na haraka, tena ni mtu wa kaunta. Hakujua kwamba kizibo kilichochomolewa kina maana."

"Labda kaka mwenyewe aliiweka."

"Kaka yako hakuwa na haja ya kuficha pembe yake mwenyewe." Thibitisha alifungua mkoba, akautoa mfuko wa ushahidi, akauweka mezani sambamba na ile pembe. "Tazama. Pembe mbili, nyuzi mbili. Inaosha mtu mmoja, na siku ile ilioshwa moja. Huu wa pili umefungwa na nani?"

"Na yeye huyo huyo mtoto! Nani mwingine hufunga nyuzi hapa?"

"Koplo, vuta upande mmoja wa huu."

Koplo alivuta uzi wa pembe iliyotoka tunduni. Ulilegea ukaanguka wenyewe, na katikati yake palibaki pindo laini.

"Sasa huu."

Koplo aliingiza mkono uliovaa glavu kwenye mfuko, akauvuta uzi uliokuwa kwenye kipande cha shingo. Akauvuta tena. Akajaribu ukucha. Fundo lilikuwa dogo, gumu kama punje.

Thibitisha aliitoa mfukoni ile kamba ya mzigo, akaiweka kando, fundo lake likiwa bado limekaza. Fundi viatu, ambaye maisha yake yote yalikuwa mafundo, alisogea, akainama, akatazama moja, akatazama jingine. Kisha akajitenga na Msemaji kwa hatua ndefu, kwa namna ile ile aliyoihamisha meza yake.

"Mkono mmoja," alisema fundi viatu.

"Ulitaka pembe yenye baruti juu ya jiko," Thibitisha aliendelea, kwa sauti ya mtu anayesoma mita ya maji. "Iliyokuwa kwenye waya ilikuwa imelowa, na baruti haifanyi kazi ndani ya maji. Ikabidi uilete mapema pacha yake, kavu, kabla kaka yako hajatoka kunawa, kutoka kwenye sanduku ambalo ufunguo wake unao wewe. Ukaipunguza baruti isiwe nzito, ukaishindilia pamba isisikike ikitikiswa; masalia yake tumeyakuta. Ukaifunga uzi, ukaitundika. Iliyolowa ikabaki mkononi mwako. Uani, kaka yako. Mlangoni, fundi viatu. Pa kuificha pakabaki juu tu, kwenye tundu. Ulikusudia kuitoa baadaye, ila mlango ukapigwa lakiri, na ndiyo maana ukawa unaomba dakika moja."

Upepo ulivuma tena. Hakuna kilichoguna. Msemaji aliinua kichwa na kusikiliza, kama mtu anayengoja sauti iendelee, na alipoona haiendelei, akaketi kwenye vumbi.

"Alikuwa ananiita mimi," alisema. "Kila jioni. Nalala na mto kichwani na bado namsikia. Mnasema ni pembe. Mbona ilikuwa ikinitaja jina?"

"Thibitisha."

Msemaji alimtazama bila kumwona. "Miaka yote alinipa kaunta. Alisema, wewe una mdomo, kaa mbele. Nikakaa mbele. Kisha kiti cha baba yetu akampa mtoto. Mimi nimekuwa wa kufunga mizigo."

"Ndivyo," alisema Inspekta. "Koplo, pingu."

*

Kituoni, binti wa Fundi Pembe alikuwa amekaa vile vile alivyoachwa. Thibitisha aliiweka pembe mbele yake, ndani ya mfuko ulio wazi, akarudi nyuma. Hakumweleza kitu, alitaka kusikia macho yake yatasema nini kabla ya mtu mwingine kusema.

Msichana aliinama, akainusa ncha.

"Iko wazi," alisema.

"Naam."

"Ina majivu. Basi niliiosha."

"Uliiosha. Iliyolipuka ni pacha yake. Iliwekwa na mtu mwingine, na mtu huyo yuko chumba cha pili akiandikisha maelezo. Ni baba yako mdogo. Kesho hutakwenda kwa hakimu, isipokuwa kama shahidi."

Hakulia. Aliikunja mikono yake, akaikunjua, akaitazama kana kwamba amerudishiwa. Thibitisha alikuwa ameshafungua mlango alipomsikia tena.

"Ule uzi wa pembe nyingine. Wa baba mdogo. Ulikuwa umefungwa fundo gumu?"

"Gumu."

"Ndiyo maana mliukuta bado shingoni. Baba alishindwa kuufungua. Kisu kilikuwa mezani pake. Mbona hakuukata?"

"Uliniambia haukatwi."

"Kwa sababu ni nyuzi zangu." Aliinua uso. "Kwa hiyo alidhani nimemfungia mimi. Alihangaika nao kwa vidole vile, akadhani ni mimi, na hakukasirika. Akauacha."

Inspekta alisimama na mkono juu ya kitasa. Neno lake lilikuwa tayari mdomoni, lile ambalo hajawahi kumnyima mtu, naye akabaki nalo.

"Vidoa vya jasho kwenye uzi vinaonyesha kwamba alijaribu sana," alisema. "Hakuna alama ya kisu. Ninachojua ni hicho."

Msichana alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaichukua pembe, akakipitisha kidole ndani ya ncha na kukitazama.

"Bado ina unyevu. Waliifungia kwenye giza. Ikibaki hivi itaoza kabla ya kesi yenu."

"Ni ushahidi. Haipaswi kutoka mezani."

"Basi utakuwa ushahidi unaonuka mzoga."

Thibitisha alifikiri. Kisha akaisogeza meza mpaka dirishani, kwa kuwa kanuni ilisema meza na haikusema mahali pa meza. Binti aliifunga pembe kwenye nondo za dirisha, juu ya meza, kwa uzi wake mwekundu, ncha chini, kizibo kikining'inia, akafunga kitanzi cha kuvutwa upande mmoja. Nje upepo ulikuwa bado haujatulia. Ulipita kwenye nondo, ukaipata ncha, na ule mguno ukaanza, chini, chini kuliko sauti, ukapanda na kuujaza ukumbi wa kituo hadi kwenye mahabusu. Kutoka chumba cha pili mtu alipiga yowe, kisha akaanza kuomba kwamba izibwe, izibwe, waizibe.

Viatu vya Koplo vilikuja mbio. Alitia kichwa mlangoni, uso umemparama.

"Afande! Nini hicho?"

Binti hakugeuka. Alikuwa ameketi chini ya dirisha, kichwa kaegemeza ukutani, amefumba macho, anasikiliza.

"Pembe," alisema Thibitisha. "Inakauka. Funga mlango."